Injini Ikibadilishwa, Gari Linabaki Lilelile?

Land Rover za Series III, zile za miaka ya sabini, bado zinaonekana Arusha, Nanyuki na Mbeya, na ugonjwa wao mara nyingi ni mmoja. Bodi ya aluminiamu haijaoza, shasi iliyoshikwa kutu imechomelewa mara mbili tatu, lakini injini ya dizeli ya lita 2.25 imekwisha: inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Fundi anampa mwenye gari njia mbili. Ya kwanza ni kuishusha injini, kupeleka bloku na krenki kwa fundi kerezo, kisha kuanza kusaka pistoni, ringi na beringi ambazo pengine itabidi ziagizwe Uingereza. Ya pili ni kuing'oa kabisa na kupandisha injini ya mtumba, Isuzu au Nissan au Toyota, iliyoshuka bandarini ndani ya kontena na ambayo spea zake zinapatikana kila mji wenye duka la vipuri. Mfukoni kuna fedha ya njia moja tu. Hapo hesabu ya gereji inageuka kuwa swali la falsafa, hata kama hakuna aliyekusudia kufika huko: gari hili likitolewa injini yake, litakuwa gari lilelile? Na likiwa si lilelile, mwenye gari amepoteza nini, au amemkosea nani?

Majibu mawili yamezoeleka, na yote mawili yanatolewa kwa haraka mno. Mpenzi wa magari ya kale husema kugusa injini ni kuliua gari. Mwenye safari ya kesho husema gari ni chombo, chombo ni kutembea, mengine ni anasa ya wenye nacho. Naona kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Utambulisho wa gari hauko kwenye injini yake, wala hauko kwenye kipuri chochote kimoja; uko kwenye historia yake isiyokatika. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo anayebadili injini hajaliua gari. Lakini anaweza kulikosea kwa njia nyingine mbili, ambazo wapenzi wa uasili huzitaja kidogo sana kuliko injini: kuharibu kisichoweza kurudishwa, na kusema uongo.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko magari. Plutarch, katika maisha ya Theseus, anaeleza kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa huyo, yenye makasia 30, mpaka enzi za Demetrius wa Phaleron. Ubao ukioza waliutoa wakapachika mpya, na wanafalsafa wakaifanya merikebu hiyo mfano wa kubishania: wengine wakasema ni ileile, wengine wakakataa. Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, akaongeza ugumu: je, kama mtu angezikusanya mbao zote kuukuu na kuziunga tena kwa mpangilio uleule wa kwanza, zingekuwapo merikebu mbili, na kila moja ni ya Theseus? Upande wa mashariki kuna kisa kinachotufaa zaidi, kwa sababu kinahusu gari hasa, ingawa ni gari la kukokotwa na farasi. Katika mazungumzo ya Kibuddha kati ya mfalme Milinda na mtawa Nagasena, mtawa anamuuliza mfalme gari lake ni nini. Ni ekseli? Ni magurudumu? Ni mti wa kukokotea? Mfalme anakataa kimoja kimoja, na mwisho anakubali kwamba jina la gari linatumika kwa sababu sehemu hizo zimekutana kwa namna fulani. Hakuna kipande hata kimoja ambacho ukikiinua unaweza kusema: hiki ndicho gari lenyewe.

John Locke, alipoongeza sura ya utambulisho katika toleo la pili la insha yake kubwa mwaka 1694, alitenga mambo mawili ambayo mabishano ya gereji huyachanganya. Rundo la chembe ni rundo lilelile maadamu chembe ni zilezile. Ukiondoa moja, ni rundo jingine. Mti si hivyo. Mwaloni unakua, unapukutisha majani, unakatwa matawi, na bado ni mwaloni uleule, kwa sababu ule mpangilio unaobeba uhai wake umeendelea bila kukatika. Gari halina uhai, lakini liko karibu na mti kuliko lilivyo karibu na rundo la chuma. Tangu siku ya kwanza linakula matairi, plagi, brekipedi, mikanda na oili. Hakuna anayesema gari limekufa kwa sababu limebadilishwa klachi. Anayedai kwamba injini ni kitu tofauti na klachi ana wajibu wa kueleza tofauti hiyo ni ipi, na kusema tu kwamba injini ni kubwa au ni ghali hakutoshi.

Pwani yetu imeishi na jambo hili bila kusubiri wanafalsafa. Jahazi lililoundwa Lamu au Nungwi linapandishwa ufukoni, mafundi wanang'oa ubao uliooza, wanapiga mwingine, wanatia kalafati na kupaka mafuta, na baada ya miaka mingi huenda ni mkuku na mataruma machache tu ndiyo yaliyobaki tangu siku ya kushushwa majini. Kisha ikaja mashine ya dizeli, na vyombo vingi vilivyokuwa vya tanga tupu vikafungwa mashine nyuma. Nahodha haliiti jahazi lake jingine kwa sababu hiyo. Jina ni lilelile, na sifa ambayo jahazi liliipata kwenye misukosuko ya kusi inabaki kuwa sifa yake. Uendeshaji ndio umebadilika, na kwa mwenye macho ya ufundi hata mkao wa chombo majini umebadilika, lakini historia haikukatika.

Mfano wenye nguvu kuliko yote, hata hivyo, umetoka mahakamani. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya London ilisikiliza kesi ya Bentley moja ya aina ya Speed Six, maarufu kwa jina la Old Number One, gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Mwenyewe, Hubbard, alikuwa amekubaliana na kampuni ya Middlebridge kuliuza kwa mamilioni ya pauni. Mnunuzi akagoma kulipa, akidai kwamba alichouziwa sicho kilichoshinda. Ushahidi wa kiufundi ulikuwa upande wa mnunuzi kwa kiasi cha kutisha. Gari lile lilikuwa limebadilishwa kila msimu wa mashindano, likafungwa injini kubwa ya lita 8, likapata ajali Brooklands mwaka 1932 iliyomuua dereva Clive Dunfee, likaundwa upya, likavishwa bodi nyingine. Vipande vinavyoweza kuthibitishwa kwamba vilikuwapo Le Mans mwaka 1929 vilikuwa karibu na sifuri. Kama utambulisho ungekuwa hesabu ya vipuri, kesi ingeishia hapo.

Jaji Otton hakuhesabu vipuri. Alikubali kwamba gari lile si la asili kwa maana ya kubaki kama lilivyotoka kiwandani, lakini akaona kwamba vipuri vipya viliingia kidogo kidogo, gari likiwa kazini, na hapakuwa na saa ambayo ungeweza kusema: hapa la zamani limekwisha na jipya limeanza. Tena, hapakuwa na gari jingine popote duniani lenye haki ya kudai jina lile. Akaamuru mnunuzi alipe. Naichukua hukumu hiyo kwa uzito kuliko ninavyowachukua wanafalsafa, kwa sababu jaji hakuwa na nafasi ya kuacha swali wazi: alikuwa na watu wawili mbele yake na fedha nyingi katikati. Na alichokiamua kinamgusa hata mwenye Land Rover chakavu ya kubebea mkaa. Kama gari linaweza kupoteza injini, shasi na bodi na bado likabaki kuwa mshindi wa Le Mans, basi Land Rover yenye injini ya Isuzu, ambayo shasi, bodi, ekseli na hata mikwaruzo yake ni ileile, haijaacha kuwa yenyewe.

Serikali ya Uingereza nayo, bila kukusudia kufanya falsafa, ilifika karibu na hapo. Kwa miaka mingi mamlaka yake ya usajili ilipima gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa kwa alama: shasi 5, suspensheni 2, ekseli 2, giaboksi na mfumo wake 2, usukani 2, na injini 1. Gari lililofikisha alama 8, shasi ikiwamo, lilibaki na namba yake ya usajili. Injini, ile tunayoiita moyo wa gari, ilipewa alama ndogo kuliko kifaa kingine chochote kwenye orodha. Huenda makarani wale walijua jambo ambalo wapenzi wa magari hawapendi kulisema: injini ndiyo sehemu kubwa iliyokusudiwa kuchoka na kutolewa. Watengenezaji wenyewe huikubalia kufungwa na kufunguliwa kwa boliti, huku shasi wakiipiga namba na kuifanya ndiyo msingi wa kila hati.

Na watengenezaji hao hawakuwa watakatifu wa uasili. Gari la kwanza la majaribio la Land Rover, mwaka 1947, lilijengwa kwa sehemu za Jeep ya Kimarekani na kupandishwa injini ya gari dogo la Rover. Kwa lugha ya leo, Land Rover ya kwanza kabisa ilikuwa gari la injini ya kupandikiza. Bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Gari lilipozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 lilikuwa na injini ya petroli ya lita 1.6, haikupita miaka mingi ikawekwa ya lita 2, kisha kampuni ilipotaka kuweka dizeli mwaka 1957, injini hiyo haikuingia vizuri, wakarefusha gari lenyewe kwa inchi mbili, kutoka 86 hadi 88 na kutoka 107 hadi 109, ili ipate nafasi. Ndiyo maana watu wetu mpaka leo wanaiita 109. Citroën DS, gari ambalo wengi hulitaja kama kilele cha usanifu wa Kifaransa, lilitoka mwaka 1955 likiwa na injini iliyorithiwa kutoka gari la kabla ya vita, kwa sababu ile ya silinda sita iliyofikiriwa mwanzo haikukamilika. Huo uasili tunaoulinda leo ulikuwa, siku ya kuzaliwa kwake, mapatano kati ya ndoto na mfuko. Ni ajabu kidogo kumkataza mwenye gari wa Kilolo mapatano yaleyale ambayo kiwanda kilijiruhusu.

Kuna jambo jingine linalopunguza makali ya neno uasili, nalo ni mafuta. Injini nyingi za petroli za miaka ya hamsini na sitini zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine ililinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na kwa sababu nzuri kabisa, kwani risasi ilikuwa ikiharibu akili za watoto. Tangu hapo, mwenye injini ya zamani ya petroli anayetaka kuipa kazi nzito kwa muda mrefu hushauriwa afungue kichwa cha injini na kuweka viti vya valvu vigumu zaidi. Yaani hata anayekataa kubadili injini analazimika kuibadili kwa ndani. Gari lisiloguswa kabisa katika ulimwengu ulioguswa kila mahali linaweza kuwapo, lakini ndani ya banda, bila mafuta kwenye tangi.

Na banda ndilo linaloelekezwa na wakubwa wa uhifadhi. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalielezea gari la kihistoria kuwa ni lenye miaka 30 au zaidi, lililotunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na ambalo halitumiki kama usafiri wa kila siku. Sina ugomvi na maelezo hayo kwa kazi yake. Makumbusho hayawezi kukusanya vitu bila mipaka. Lakini yasome tena ukiwa na Land Rover ya 109 akilini, ile inayopeleka mbegu shambani Jumatatu, wagonjwa zahanati Jumatano, na wanakwaya kanisani Jumapili. Sharti la mwisho linaitoa nje kabla hata boneti haijafunguliwa. Kosa lake ni kufanya kazi. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kwamba akipandisha injini nyingine ataliondolea gari hadhi yake ya kihistoria, mara nyingi anatishwa kwa kunyang'anywa kitu ambacho hakuwa nacho.

Hapa ndipo suala linapohama kutoka utambulisho kwenda wajibu, na dini zetu zina la kusema kabla ya vilabu vya magari. Kwa Mwislamu na kwa Mkristo mali ni amana. Mwenye kuimiliki ataulizwa aliitumiaje, na israfu ina pande mbili. Kutumia fedha nyingi kwa kitu cha kujionyesha ni israfu. Lakini kukiacha kitu chenye manufaa kioze uani kwa kusubiri vipuri vya asili ambavyo mwenyewe hatavimudu maishani mwake, hiyo nayo ni israfu, tena ya kimyakimya, kwa sababu inajifunika vazi la heshima. Land Rover iliyokaa miaka kumi juu ya matofali, panya wakitafuna nyaya zake, haijahifadhiwa. Inaozea mahali pamoja tu, badala ya kuishia barabarani.

Pingamizi la kwanza la maana linatoka kwa wanahistoria. Gari, watasema, ni hati. Injini yake inatuambia watu wa 1972 waliyeyusha chuma vipi, walipima pengo la valvu vipi, waliona kelele gani ni ya kuvumilika. Ukiing'oa umechana ukurasa, na kizazi kijacho hakitasoma. Hoja hii ni ya kweli, lakini inafanya kazi pale tu hati inapokuwa nadra. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, miwili ya katikati ikiwa mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell waliotoka Tanzania. Likipatikana gari lenyewe walilolipitisha kwenye tope lile, anayelitoa injini atakuwa amefanya uharibifu ambao hakuna umaskini unaoweza kuuhalalisha. Bora aliuze kwa mwenye uwezo wa kulitunza. Lakini 404 nyingine ya mwaka uleule, iliyokuwa teksi, haibebi wajibu huo, ingawa boliti kwa boliti ni sawa na ile ya kwanza. Angalia kilichozitenganisha: si chuma. Ni yale yaliyozipata. Kwa hiyo hata mtetezi mkali wa uasili, anapotaka kuchagua gari la kulinda, anaamua kwa historia na si kwa vipuri, jambo ambalo ndilo nililolidai tangu mwanzo. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitengenezwa zaidi ya milioni 21 kabla ya ya mwisho kutoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Ukurasa huo hautapotea kwa mkono wa fundi mmoja wa Morogoro.

Pingamizi la pili ni gumu kidogo, na halijibiki kwa kanuni moja. Yako magari ambayo injini yake si mgeni wa kukodi chumba. Volkswagen hiyohiyo ina injini ya kupozwa kwa hewa, imekaa nyuma, silinda zimelala pande mbili zinazoelekeana. Sauti yake unaijua kabla gari halijakunja kona, na umbo zima, hata mahali pa buti, limepangwa kuifuata. Mazda yenye injini ya rota ni hivyohivyo. Magari haya yakipewa injini ya kawaida ya kupozwa kwa maji, na radieta ikatafutiwa pa kukaa pasipokuwapo, historia yake inaendelea, nakubali, lakini kile kilichowafanya watu wayapende kinabaki jina tu. Ninachoweza kusema ni kwamba hiyo ni hasara ya ladha na ya maana, si ya utambulisho, na mwenye gari aipime kwa jicho wazi. Land Rover haimo katika kundi hilo. Hakuna aliyeipenda 109 kwa mngurumo wa dizeli yake ya farasi 60 na ushei. Waliipenda kwa sababu ilifika.

Pingamizi la tatu ndilo linalostahili kukaliwa zaidi, kwa sababu linatoka ndani ya gereji na linashambulia neno bajeti lenyewe. Linasema: injini nyingine si rahisi kama inavyouzwa. Bei anayotajiwa mwenye gari ni ya injini kusimama sakafuni. Baada ya hapo kuna sahani ya kuunganisha injini na giaboksi, ambayo fundi ataichonga kwa kukadiria; ikitofautiana kidogo tu na mstari wa shafti, beringi ya mbele ya giaboksi itakufa baada ya miezi. Kuna maunti za injini za kuchomelea, radieta isiyotosha, bomba la ekzosi linalogusa usukani, nyaya za kuchajia. Kuna pampu ya vakumu. Kisha mambo ambayo hayaonekani siku ya kuwasha. Difu ya Series ina uwiano wa takriban 4.7 kwa 1, uliopangwa kwa injini ya polepole na barabara mbovu. Injini ya kisasa yenye tabo itafika mwisho wa pumzi zake kwenye mwendo wa kawaida wa lami, au ikisukuma kwa nguvu kwenye mchanga itakata shafti za ekseli, ambazo tangu zamani ndizo udhaifu unaojulikana wa gari hili. Na breki ni za ngoma magurudumu yote manne, zilizohesabiwa kwa gari lisilopenda kukimbia. Injili ina mfano wa kiraka kipya kilichoshonewa vazi kuukuu, na fundi yeyote aliyewahi kuokota meno ya gia kwenye oili anauelewa bila mahubiri. Gari linalokwenda kuliko linavyoweza kusimama si gari lililookolewa.

Nalikubali pingamizi hili karibu lote, na linanilazimisha kupunguza dai langu. Kubadili injini si dhambi, lakini mara nyingi si nafuu. Mtu anayehesabu kwa uaminifu, akaongeza siku za fundi, safari za kerezo na vipuri vitakavyokatika mwaka wa kwanza, anaweza kugundua kwamba kuijenga upya dizeli yake ya zamani kulikuwa karibu na bei ileile. Dizeli ile ni rahisi kiasi kwamba fundi wa mjini mwenye kitabu na subira anaimaliza. Kwa hiyo uasili una mtetezi asiyetarajiwa, nao ni uchumi wenyewe. Lakini tazama utetezi huo umesimama wapi: unasema usibadili kwa sababu hutanufaika, hausemi usibadili kwa sababu gari litakoma kuwa lenyewe. Pale bloku ilipopasuka, au krenki imeshachongwa mpaka kipimo cha mwisho, utetezi unakwisha na njia ya pili inakuwa halali kabisa.

Kwenye uongo hakuna unafuu wa aina hiyo. Kadi ya gari ya Tanzania ina namba ya shasi na namba ya injini. Kenya vilevile, hati ya gari inazo zote mbili, na injini ikibadilishwa mamlaka ya usajili hutakiwa kujulishwa. Wapo wanaokwepa. Wapo pia, hasa katika masoko ya Ulaya na Marekani ambako namba zinazolingana hupandisha bei, wanaosaga namba ya bloku na kupiga nyingine ili gari lionekane halijaguswa. Huyu wa pili ameweka injini ya aina ileile, ya kiwanda kilekile, pengine ya mwaka uleule. Kwa kipimo cha vipuri gari lake ni la asili kuliko Land Rover ya Isuzu mara mia. Lakini ndiye aliyeikata historia ya gari, kwa sababu kuanzia siku ile kila atakayelisoma atasoma maisha ambayo halikuishi. Fiqhi imempa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kilichouzwa kikiwa na aibu iliyofichwa, na haiulizi kama kitu hicho kinapendeza. Mwenye Isuzu chini ya boneti anayefungua na kusema "hii niliipandisha mimi, karatasi hizi hapa" anauza gari halali. Jaji Otton asingeweza kumpa Hubbard ushindi kama mlolongo wa mabadiliko ya Bentley ile ungekuwa umefichwa.

Kosa jingine, lile la kuharibu kisichoweza kurudishwa, ni kukata. FIVA, ilipozungumzia mwaka 2019 magari ya kale yanayogeuzwa kuwa ya umeme, ilisema magari hayo hayaingii tena katika maelezo yake ya gari la kihistoria, lakini ikawashauri wenye magari kuhifadhi vipuri vya asili ili siku moja yarudishwe. Ushauri huo una busara hata kwa wasiojali vyeti vya FIVA, na unatuhusu, kwa kuwa Kenya na Tanzania tayari kuna magari ya watalii yaliyotolewa dizeli na kufungwa mota ya umeme. Tofauti kati ya injini iliyofungwa kwa boliti na shasi iliyokatwa kwa gesi ili injini ipenye ni kubwa kuliko tofauti kati ya injini ya Rover na ya Isuzu. Anayefunga kwa boliti anamwachia mtoto wake uamuzi. Anayekata ameshamwamulia, na tuliona kwamba shasi ndiyo inayobeba namba, hati na alama tano.

Kwa hiyo mwenye 109 iliyochoka apime kwanza kompresheni ya kila silinda na apeleke krenki ipimwe kabla ya kusikiliza bei ya mtu yeyote. Ikijengeka, aijenge. Isipojengeka, apandishe injini isiyoizidi sana nguvu ile ya kwanza, fundi asiguse shasi kwa msumeno wala gesi, na breki zishughulikiwe kabla ya safari ya majaribio. Namba mpya iandikwe kwenye kadi mwezi huohuo. Na injini ya zamani asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu: aijaze oili, azibe matundu, aifunge turubai na kuiweka juu ya mbao mahali pakavu, pamoja na maunti zake na kila boliti iliyotoka nayo.